Kijana aliyeanguka mbuyuni: picha tatu za fuvu moja

Aliletwa Jumamosi jioni, mwezi wa tisa, majira ambayo mibuyu ya Dodoma imepukutisha majani yote na kubaki na matunda tu. Kijana wa miaka 26, mkulima wa kijiji kimoja upande wa Chamwino, alikuwa akiangua ubuyu. Kwao wanapanda kwa vigingi vilivyopigiliwa kwenye shina, vingine tangu enzi za babu zao, na siku hiyo kimoja kilimeguka akiwa amekikanyaga kwa uzito wote. Nilipomwuliza mjomba wake alianguka kutoka kimo gani, mzee alinyoosha mkono kuelekea paa la jengo letu. "Pale. Na kidogo juu yake." Aliangukia ubavu wa kulia, kichwa kikagonga mzizi.

"Alizimia, dokta, lakini si sana," mzee aliendelea. "Tulimmwagia maji akaamka. Kitu cha kwanza kuuliza kilikuwa kiroba chake cha ubuyu."

Walimkalisha kiti cha mbele cha Noah, shingo ikicheza na kila shimo la njia mpaka walipoikuta lami. Kola ya shingo aliivishwa na daktari wa zamu baada ya kufika hospitali.

Kisa hiki nawaandikia wenzangu wanaopiga picha za eksirei za kichwa katika hospitali zisizo na CT skani, kama ile niliyokuwa nikifanyia kazi wakati huo, pamoja na wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Mgonjwa mwenyewe ameridhia kisimuliwe; jina lake na la kijiji nimeyaacha. Nilimpiga picha ya ubavu iliyonyooka, safi, ambayo ningeweza kuibandika ukutani kama mfano, na picha hiyo ikanificha jambo zito kuliko yote yaliyokuwa kichwani mwake. Mashine ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa katika namna nilivyomlaza.

Mahali uvimbe ulipokaa

Fomu ya daktari ilikuwa fupi: fuvu, picha mbili, ameanguka kutoka mtini, je, kuna mvunjiko? Chini yake aliandika kwamba mgonjwa anajitambua, alama 15 kati ya 15 kwa kipimo cha Glasgow, mboni za macho zinalingana, na kuna damu kidogo kwenye sikio la kulia ambayo aliidhania ni ya mchubuko. Simlaumu. Sikio lilikuwa limekwaruzika kweli, na damu iliyoganda ilichanganyika na vumbi jekundu hata usingeweza kujua ilikotokea.

Kilichonishtua mimi ni uvimbe. Ulianzia vidole viwili juu ya upinde wa mfupa wa shavu, mbele ya sikio, ukapanda kuelekea nyuma. Weka vidole vyako hapo sasa hivi uhisi. Chini ya ngozi hiyo inakutana mifupa minne: wa paji, wa utosi, wa panja na bawa la sfenoidi, mfupa wa kitako cha fuvu ulio nyuma ya macho. Wataalamu wa maumbile wanapaita pterioni. Fuvu lina mifupa 22, 8 ikizunguka ubongo na 14 ikijenga uso, na unene wake unatofautiana sana. Ukichukua fuvu kavu ukalielekeza kwenye taa, sehemu bapa ya mfupa wa panja inapitisha nuru. Mfupa huohuo, ukiingia ndani mahali panapobeba viungo vya kusikia, ni mgumu kiasi kwamba sehemu hiyo inaitwa petrosi, yaani ya mwamba.

Nyuma ya ule wembamba wa panja unapita mshipa mkubwa wa damu unaolisha utando wa ubongo. Mfupa ukipasuka unaweza kuuchana. Damu hujikusanya polepole kati ya mfupa na utando, na mgonjwa huyo anaweza kuongea, kucheka, hata kuomba chai, kisha baada ya saa chache akaanguka ghafla. Kwa hiyo mjomba alipokuwa akirudiarudia kwamba kijana "ameshaongea, yuko sawa", moyo wangu haukutulia.

Nilimwinamia nikamwambia, "Kaka, nikikuuliza kitu nijibu kwa mdomo tu. Usitikise kichwa hata kidogo." Akatikisa kichwa kukubali. Wote hufanya hivyo, na ndiyo maana siku hizi nawawekea viganja vyangu kwenye masikio kabla sijasema neno.

Mstari wa jicho na sikio

Anayejifunza kupiga picha za kichwa huanza kwa kukariri digrii. Mimi ningependa aanze kwa mstari mmoja tu: chora kwa fikra kutoka kona ya nje ya jicho hadi kwenye tundu la sikio. Huo ndio msingi, na karibu kila pembe ya miale inayotajwa kwenye vitabu inahesabiwa kutoka kwake. Upo mstari wa pili unaotoka ukingo wa chini wa tundu la jicho kwenda sikioni, na kati ya miwili hiyo kuna tofauti ya digrii 7 hivi. Anayeichanganya atashangaa maisha yake yote kwa nini picha zake zinatoka pungufu. Picha ya kisogo iitwayo Towne, kwa mfano, inataka miale ishuke kuelekea miguuni kwa digrii 30 ukipima kwa mstari wa kwanza, na digrii 37 ukipima kwa wa pili. Picha ni ileile. Kilichobadilika ni mstari wa kupimia.

Kwa mgonjwa aliye mzima shingo, picha ya mbele ningeipiga akiwa ameielekea kaseti, yaani bamba linalopokea picha, miale ikiingilia kisogoni. Hivyo lenzi za macho zinapata mionzi kidogo zaidi, na matundu ya macho hayakuzwi kupita ukubwa wake. Huyu hakuweza kulala kifudifudi. Alilala chali na kola yake, kidevu kikiwa kimeinuliwa kidogo, kama kola zinavyofanya mara nyingi.

Hapo ndipo kishawishi kilipo. Mkono unataka kukishusha kidevu ili mstari usimame wima, kwa sababu ndivyo mchoro wa kitabuni unavyoonyesha. Shingo ambayo haijathibitishwa kuwa salama haikunjwi kwa ajili ya mchoro. Unapima kichwa kilivyolala, kisha unaisogeza mashine ikifuate. Nina protrakta ya plastiki, ya mkebe wa hesabu wa shule, niliyoifunga uzi wenye nati ya baiskeli mwishoni. Nikiishika kando ya uso, ukingo wake ukifuata mstari wa jicho na sikio, uzi unaning'inia wima na kunisomea pembe. Ilisoma digrii 10: mstari umelala kuelekea utosini kwa kiasi hicho. Picha ya mbele iitwayo Caldwell, ikipigwa chali, inataka miale ipande kuelekea utosini digrii 15 kutoka kwenye mstari. Kumi tayari kichwa kimenipa chenyewe, kwa hiyo mashine niliiinamisha digrii 5 tu.

Picha ilitoka kama inavyotakiwa. Mgongo wa mfupa wa mwamba ulikaa kwenye theluthi ya chini ya matundu ya macho, paji likabaki wazi. Umbali kutoka ukingo wa nje wa jicho hadi ukingo wa fuvu ulilingana kulia na kushoto, maana yake kichwa hakikugeuka. (Caldwell mwenyewe, Mmarekani aliyeachia picha hii jina lake, alifariki 1918 kwa madhara ya mionzi hii hii tunayoitumia. Kila ninapomvalisha muuguzi aproni ya risasi aje kunisaidia, huwa namkumbuka.)

Upande wa kulia, juu ya usawa wa sikio, kulikuwa na kivuli chembamba cheusi. Nilikiona, sikukiamini wala kukitupa.

Picha niliyojivunia

Picha ya pili ni ya ubavu, na hapa nitaeleza kwa kirefu kwa sababu ndipo nilipoteleza.

Katika chumba chetu, gridi nzuri, yaani bamba la kuchuja mionzi inayotawanyika isiichafue picha, ilikuwa ndani ya meza. Mtambo wa ukutani haukuwa na gridi. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa picha za ubavu za fuvu nilizipiga juu ya meza, miale ikishuka wima kutoka juu, mgonjwa akiwa amelazwa ubavu. Ukifanya jambo miaka kadhaa linaacha kuwa uamuzi, linakuwa desturi. Tulimgeuza watu wanne kwa pamoja kama gogo, mmoja ameshika kichwa, hadi akalalia ubavu wa kushoto. Kulia asingeweza, maumivu yalikuwa hapo. Niliweka sponji chini ya kichwa mpaka mstari unaounganisha mboni mbili ukawa wima juu ya meza, katikati ya miale ikaja sentimita 5 juu ya tundu la sikio, umbali sentimita 100, nguvu ya kilovolti 75.

Picha ilipojitokeza kwenye skrini niliitazama kwa mpangilio wangu wa kila siku. Kwanza mapaa ya matundu ya macho: yameangukiana, yanaonekana mstari mmoja. Kichwa kikiinama kuelekea bega, mapaa hayo hutengana, moja juu ya lingine. Kisha matawi ya taya la chini na mabawa makubwa ya sfenoidi: kichwa kikigeuka, hutengana mbele na nyuma. Yote yalilingana. Katikati kabisa lilikaa lile bonde dogo la kutunzia tezi ya pituitari, ambalo wataalamu wa zamani walilifananisha na tandiko la farasi la Kituruki, sakafu yake ikiwa mstari mmoja mwembamba. Picha ya ubavu iliyopinda hata digrii chache huwa na sakafu mbili hapo.

Nilifurahi, na furaha ilinifanya nitazame nilichokipata badala ya kujiuliza nilichokikosa.

Mstari mweusi ulikuwepo pia, sehemu bapa ya mfupa wa panja. Mistari kwenye fuvu ni mingi na karibu yote ni halali. Mishono inayounganisha mifupa ina meno kama ya msumeno na ina njia zake zinazojulikana: wa mbele unavuka kichwa toka panja hadi panja, wa kisogoni umekaa kama herufi V iliyopinduliwa, na wa juu ya sikio unachora upinde. Mifereji ya mishipa ya damu inaanzia chini, inapanda na kurudi nyuma, inagawanyika matawi na kupungua unene kama mto unavyofuatwa kuelekea chanzo. Rangi yake ni kijivu, kwa kuwa mfereji umechimbwa kwenye tabaka la ndani la mfupa tu. Ufa hupita tabaka zote mbili, kwa hiyo ni mweusi zaidi. Kingo zake ni kali, hautoi matawi ya kupungua, na unaweza kuvuka njia ya mshipa bila kujali.

Wa kwangu ulikuwa na urefu wa sentimita 4 hivi na haukuwa na tawi, lakini kingo zake zilikuwa na ukungu. Nilijua sababu papo hapo. Upande ulioumia ulikuwa juu, karibu na mashine, zaidi ya sentimita 15 kutoka kwenye kaseti. Kitu kilicho mbali na kaseti hukuzwa na kufifia. Mfupa uliolala karibu na kaseti, ulioonekana kwa ukali wote, ulikuwa wa kushoto, mzima, usio na shida yoyote.

Uwazi wa sinasi ya sfenoidi, yaani chumba cha hewa ndani ya mfupa huo, chini kidogo ya lile tandiko, ulionekana wa kijivujivu. Niliupita. Sinasi za watu wa vumbi la Dodoma ni za kijivu mara nyingi, mafua hayaishi. Ndivyo nilivyojiambia.

Ningemaliza hapo. Nilikuwa nimeshaanza kuandika kwenye karatasi ya majibu kwamba hakuna mvunjiko wa dhahiri.

Doa kwenye shuka

Tulipomrudisha chali ili ahamishiwe kwenye machela, muuguzi aliondoa shuka lililokuwa chini ya kichwa, akasimama. "Njoo uone hapa."

Lilikuwa shuka jeupe la hospitali, lililofuliwa hadi likawa laini. Chini ya pale sikio la kulia lilipokuwa kabla hatujamgeuza kulikuwa na doa la ukubwa wa sarafu. Katikati yake nyekundu iliyokolea. Kuzunguka wekundu huo, duara la rangi hafifu, kama ya chai iliyozidishwa maziwa, na nje ya duara unyevu usio na rangi ambao ungeuona kwa kuinamisha shuka kwenye mwanga. Niligusa kwa kidole chenye glavu. Damu ya mchubuko ingekuwa imeshaganda. Hii ilikuwa mbichi, nyepesi.

Duara kama hilo halithibitishi kitu peke yake. Damu iliyochanganyika na mate, machozi au hata maji ya kawaida huweza kuchora duara lilelile, na huyu alimwagiwa maji kule shambani. Lakini maji ya shambani yalikuwa yamekauka saa nyingi zilizopita. Mtu aliyegonga panja, sikio linalotoa kitu chepesi kisichoganda: hapo unapaswa kufikiria maji ya ubongo yanayovuja kupitia ufa wa kitako cha fuvu. Nyuma ya sikio hapakuwa na weusi wowote, na hilo halikunipa faraja, kwa sababu weusi ule huchukua siku moja au zaidi kujitokeza.

Nikamwita daktari. Wakati namsubiri nilirudi kwenye skrini na kuitazama upya ile sinasi ya kijivu.

Mjomba alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, pembeni yake chupa ya plastiki ya maji iliyobaki nusu, ameilaza chini. Kupitia mlango uliokuwa wazi niliiona kwa ubavu: hewa juu, maji chini, mpaka wao umenyooka kama rula. Ukisimama juu ya chupa ile ukachungulia moja kwa moja chini, mpaka huo huuoni. Unaona maji na hewa vimepandiana, kijivu kimoja. Nilikuwa nimeitazama sinasi ya kijana huyu kutoka juu. Miale ilishuka wima, ikapita kwenye hewa kisha ikapita kwenye maji, ikanirudishia ukungu. Kama kulikuwa na damu au maji mle ndani, mpaka wake ungeonekana kwa miale iliyolala sambamba na uso wa maji tu, yaani miale ya mlalo.

Jambo hili nililisoma chuoni, nikalijibu kwenye mtihani.

Picha ya tatu

Gridi ya kushika kwa mkono ilikuwa kabatini, imefunikwa vumbi. Tuliifuta, tukaifunga kwenye kaseti ya sentimita 24 kwa 30.

Mgonjwa alibaki chali, uso ukielekea dari. Safari hii hakuguswa kichwa. Tulivuta shuka alilolalia, watu wanne, hadi akafika ukingoni mwa meza upande wa kulia. Sababu ya ukingo ni hii: akibaki katikati, kisogo kinazama kwenye godoro na kaseti iliyosimama juu ya meza inakikata. Kama shingo ni salama unainua kichwa kwa sponji. Yake haikuwa imethibitishwa, kwa hiyo badala ya kuinua kichwa unashusha kaseti. Niliiegemeza kwenye ubavu wa meza, ukingo wake wa chini ukiwa sentimita 3 chini ya usawa wa meza, nikaibana kwa mifuko ya mchanga. Upande ulioumia sasa ulikuwa jirani kabisa na kaseti.

Mashine niliigeuza ipige kutoka kushoto. Namba kwenye kiungo chake ilisema 90, lakini mashine yetu ilikuwa ya zamani na sikuiamini. Niliining'inizia protrakta yangu kwenye kolimeta, kile kisanduku cha mdomoni mwa mashine kinachobana miale, nikairekebisha mpaka uzi ukakubali. Kwa picha ya aina hii kupinda kidogo kunaua habari mara mbili: mpaka wa maji unafifia, na gridi isiyokabiliana sawasawa na miale inakula upande mmoja wa picha.

Kisha tukasubiri dakika 5. Mgonjwa alikuwa ametoka kugeuzwa na kuvutwa, na maji yaliyotikiswa yanahitaji muda kutulia. Muuguzi alimshika mkono, akimwuliza habari za mavuno, akimkumbusha ajibu kwa mdomo tu.

Picha ilipotokea nilienda moja kwa moja chini ya tandiko. Nusu ya sinasi iliyo upande wa uso ilikuwa nyeusi, hewa. Nusu ya upande wa kisogo ilikuwa nyeupe. Kati yao mstari mnyoofu, sambamba na meza. Na ule mstari mweusi wa panja ulikuwa mkali kama mkwaruzo wa wembe, ukishuka kuelekea kitako cha fuvu.

Daktari alikuja, akatazama, akasema haoni. Nilishangaa kidogo kisha nikaelewa. Kompyuta huionyesha picha ya ubavu kana kwamba mgonjwa ameketi, uso ukitazama kando. Katika mkao huo mpaka wa maji unasimama wima, na jicho linalotafuta mstari uliolala linaupita likidhani ni ukingo wa mfupa. Niliizungusha picha mpaka uso ukaangalia juu, kama kijana alivyokuwa amelala mita tatu kutoka pale tulipo. Daktari akavuta pumzi. "Ni maji yale." Tangu siku hiyo sitoi picha ya namna hii bila kuandika pembeni kwamba ni miale ya mlalo, mgonjwa chali, na kuweka mshale unaoonyesha upande wa juu.

Tulipiga picha ya shingo ya ubavu kwa miale ileile ya mlalo, tukahakikisha imeshuka mpaka pingili ya 7 na mwanzo wa mgongo. Haikuonyesha mvunjiko wala kuhama kwa pingili, kola ilibaki.

Nilikuwa nimepanga pia picha ya Towne ili nione kisogo. Kwa kidevu kilichoinuka digrii 10 ningehitaji kushusha miale digrii 40, na ingewezekana. Niliacha. Tulikuwa tumeshajua kwamba anahitaji kwenda mjini, na hakuna ambacho kisogo kingetuambia kingebadili safari hiyo. Kila picha ya ziada ilikuwa dakika 10 zaidi akiwa mbali na daktari wa upasuaji wa ubongo.

Kilichofuata

Daktari alipiga simu hospitali ya rufaa. Alizuia mtu yeyote asimpitishie mpira puani, kwa kuwa kitako cha fuvu kikiwa kimepasuka mpira unaweza kuingia kusikotakiwa. Sikio halikuzibwa pamba. Liliwekewa shashi nyepesi tu juu yake. Aliondoka kwa gari la wagonjwa akiwa amelala, muuguzi pembeni, akiulizwa jina lake na siku ya wiki kila baada ya muda.

CT skani ilionyesha ufa kutoka sehemu bapa ya mfupa wa panja, ukaingia kwenye mwamba kwa urefu wake na kufika ukuta wa sinasi ya sfenoidi. Vyumba vidogo vya hewa nyuma ya sikio vilikuwa vimejaa. Na nje ya utando wa ubongo, mahali palepale pa uvimbe, kulikuwa na tabaka jembamba la damu. Halikuhitaji upasuaji. Lilihitaji kuangaliwa usiku na mchana na watu walio tayari kufungua kichwa kama lingekua, na hilo ndilo alilolipata kule. Uvujaji wa sikioni ulikauka wenyewe siku ya tano.

Nimeulizwa na mwanafunzi kama picha ya tatu ilikuwa na haja, kwa kuwa doa la shukani lilitosha kumpeleka. Ni swali la haki. Uingereza miongozo inataka mgonjwa mwenye dalili za kuvunjika kitako cha fuvu apigwe CT ndani ya saa 1, na picha ya kawaida ya eksirei ya fuvu haina nafasi tena kwa mtu mzima palipo na mashine hiyo. Eksirei haioni ubongo, haioni damu iliyojikusanya juu yake. Fuvu lisilo na ufa linaweza kufunika ubongo unaovuja damu, na karatasi yenye maneno "hakuna mvunjiko" imeshawarudisha nyumbani watu ambao hawakupaswa kurudi. Hilo la mwisho ndilo linalonikosesha usingizi hadi leo. Picha yangu ya pili, nzuri vile, ingetumika kama ushahidi wa kumruhusu. Mzee alikuwa na haraka, kijana aliongea vizuri, Noah ilikuwa inasubiri nje.

Palipo na CT, mpeleke. Pasipokuwepo, na ukaombwa picha ya fuvu la mtu aliyeanguka, basi picha ya ubavu ipigwe akiwa chali kwa miale ya mlalo, upande ulioumia ukiwa karibu na kaseti. Shingo haizungushwi, maji yanajionyesha, ufa unakuwa mkali. Chumbani kwetu gridi ile haikurudi kabatini. Tuliitundika ukutani kando ya meza, na kwenye ubavu wa meza nikabandika plasta nyeupe sentimita 3 chini ya usawa, kuonyesha kaseti ishuke hadi wapi.

Alirudi baada ya wiki sita kuja kunisalimia, na mjomba wake, na kifuko cha ubuyu. "Mbukwenyi!" aliita kutoka mlangoni, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Sikio la kulia lilikuwa bado zito, akihudhuria kliniki mjini. Aliomba kuiona picha yake. Nilimwonyesha ile ya tatu, nikasahau kuizungusha, nikaanza kumweleza maji yalikuwa wapi na hewa wapi. Alikunja uso, hakuelewa. Kisha akakilaza kichwa begani taratibu, mkono umeshika panja, mpaka akaiona kama alivyokuwa amelala siku ile.

"Hapo," alisema, akigusa mstari kwa ukucha. "Hapo."